Msokonoi Ndani ya Chupa

Mwezi Machi 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, ilizibwa na foleni ya magari yaliyopangana kilomita kwa kilomita. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walitoka Dar es Salaam, Nairobi na mbali zaidi. Kwa wakazi wa mkoa wa Mara safari ile ilikuwa ya kwenda kwa jirani, maana kati ya wilaya ya Serengeti na Loliondo pametanda hifadhi tu. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochemshiwa mizizi ya mti ulioitwa mugariga, ambao wataalamu wa mimea waliutambua kuwa ni mtandamboo, Carissa kwa jina la kitaalamu.

Mjadala wa siku zile ulikuwa wa imani na uponyaji. Ushahidi wa kisayansi kwamba kikombe kiliponya UKIMWI au kisukari haukupatikana, na wapo wagonjwa walioacha ARV zao wakaumia. Hilo limekwisha kusemwa vya kutosha. Swali ambalo halikupata nafasi ni la shamba. Kila kikombe kilitokana na mzizi, na mzizi haukatwi kama mchicha ukachipua wiki ijayo. Ilichimbwa wapi mizizi yote ile, na nani alipanda mingine?

Mhadhara huu unaliuliza swali hilo kwa niaba ya Turwa, kata ya mjini Tarime, na ya wilaya mbili za mkoa wa Mara zinazohusika na habari hii, Tarime na Serengeti. Nyanda za juu za Tarime zimejaa migomba, kahawa na mahindi mpaka ukingoni mwa barabara ya Sirari. Ukiteremka kuelekea Mto Mara au ukielekea Mugumu, ardhi inakauka kidogo kidogo, mifugo inaongezeka, na mwisho unakutana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Ndani ya hifadhi kuchimba mzizi ni kosa. Nje ya hifadhi kila eka ina mwenyewe. Msitu wa mganga umebaki vipande: ukingo wa mto, kilima chenye mawe, kichaka ambacho wazee wa mila wamekikataza kuguswa.

Dawa ya majani haina shida kubwa. Mti hunyonyolewa majani ukachipua tena. Balaa liko kwenye gome na mzizi. Chini kidogo ya gome la nje kuna mirija inayoteremsha chakula kilichotengenezwa na majani hadi mizizini. Mtu akilichuna gome kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa hata kama majani bado ni ya kijani. Mti utasimama miezi kadhaa ukionekana mzima, kisha unakauka. Mchunaji mwenye adabu huchuna upande mmoja akaacha mwingine. Mchunaji aliyelipwa kwa kilo hana muda huo, na anayenunua fungu la gome sokoni hana namna ya kujua limechunwa vipi.

Ndipo linapokuja pendekezo la maabara: kuzalisha miche ya dawa kwa chupa. Pendekezo ni zuri, lakini linahitaji kuchujwa kabla halijatukuzwa. Mwarobaini hauhitaji chupa. Mbegu zake mbichi zikitupwa chini ya mti zinaota zenyewe. Mlonge unashika hata kwa tawi lililochomekwa ardhini. Mshubiri huzaa machipukizi pembeni ya shina. Mtandamboo wenyewe, uliotikisa Afrika Mashariki nzima mwaka 2011, una matunda matamu yanayoliwa na watoto na ndege, na mbegu zake huota kitaluni bila daktari wa sayansi. Kuzipeleka spishi hizi maabara ni kutafuta ufadhili tu. Anayetaka kuziokoa anunue viriba, achanganye udongo na samadi, atafute mtu wa kumwagilia.

Ipo lakini miti migumu, na mmoja wao unastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Msokonoi, Warburgia ugandensis, ni mti wa kijani kibichi mwaka mzima, wenye gome linalowasha ulimi kuliko pilipili. Hupatikana Uganda, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na unajulikana katika misitu ya kingo za Mto Mara upande wa Kenya, mto ule ule unaovuka hifadhi na kuingia Tarime kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria. Wamasai huuita osokonoi. Gome lake hutafunwa au kuchemshwa kwa kikohozi, mafua, tumbo na homa. John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya aliyechapisha kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, ni miongoni mwa walioyaweka matumizi ya namna hii kwenye maandishi, kabila kwa kabila.

Mwaka huo huo wa 1976 msokonoi uliingia katika kemia ya dunia. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, wanakemia wa Kijapani Isao Kubo na Koji Nakanishi walikuwa wakitafuta kitu kinachowafanya viwavijeshi wakatae kula. Mkulima wa mahindi haelezwi kiwavijeshi ni nani. Shamba la kijani jioni, vijiti asubuhi. Kwenye gome la mti huu walipata kemikali waliyoipa jina la warburganali. Kiwavi akiionja kwenye jani, anakoma kula. Kemikali nyingine za ukoo huo, kama poligodiali, zimeonyesha maabara uwezo wa kuua baadhi ya kuvu na bakteria. Kwa hiyo ule mwasho ulimini una sababu, na mzee anayetafuna gome akiwa na mafua hatafuni hadithi.

Sasa tatizo. Mbegu za msokonoi hazivumilii kukaushwa na kuwekwa ghalani kama mahindi. Zisipopandwa mapema zikiwa mbichi, nguvu ya kuota hupotea. Mti wenyewe hauharakishi kukua, wakati mchuna gome ana haraka. Mti wa namna hii ndio hasa wa kupelekwa chupani, na ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Uganda na Kenya walichapisha kazi za kuuzalisha kwa vipandikizi na kwa tishu ndani ya chupa. Ulikubali. Haukukubali kirahisi, lakini ulikubali.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alidai kwamba chembe hai moja ya mmea ina uwezo wa kujenga mmea mzima ikipewa mazingira sahihi. Alijaribu akashindwa, chembe zake hazikugawanyika. Zilipita zaidi ya miaka hamsini kabla Frederick Steward na wenzake, Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, hawajatoa miche ya karoti kutokana na chembe za mzizi wa karoti, mwaka 1958. Miaka minne baadaye Toshio Murashige na Folke Skoog, waliokuwa wakihangaika na tumbaku, walichapisha orodha ya chumvi na virutubisho ambayo hadi leo ndiyo chakula cha kwanza kinachojaribiwa na kila maabara, iwe Tokyo au Morogoro.

Mkulima wa Tarime pia hahitaji kuambiwa kwamba jambo hili linawezekana. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria, uliripotiwa Kagera mwaka 2006 na baadaye ukafika Tarime. Bakteria huyu husafiri kwa panga lisilosafishwa na kwa chipukizi linaloombwa kwa jirani, na hapo ndipo migomba ya chupa ilipoonyesha faida, kwa sababu inatoka maabara ikiwa safi. Kuwa safi si kuwa na kinga. Mgomba wa chupa ukikatwa kwa panga chafu utanyauka kama mwingine. Maabara za kazi hii zipo: kituo cha TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha JKUAT pale Juja nchini Kenya, na kampuni ya AGT huko Buloba, Uganda, inayozalisha migomba na kahawa.

Kazi ya mezani inafaa kutazamwa kwa karibu. Fundi wa maabara huchagua chipukizi la mti mchanga, maana mti mzee ni mbishi. Hukata pingili moja yenye jicho, urefu wa sentimita moja au mbili. Huiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, huichovya sekunde chache kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha huiloweka dakika kadhaa kwenye jiki iliyozimuliwa. Hapa ndipo mkono mwepesi hujulikana: jiki ikizidi pingili inageuka nyeupe na kufa, ikipungua kuvu aliyejificha kwenye gome atastawi kabla ya mti. Baada ya kusuuzwa mara tatu kwa maji yasiyo na vijidudu, pingili huingia kwenye chupa yenye chakula kilichoganda: chumvi za Murashige na Skoog, vitamini, gramu 30 za sukari kwa kila lita, homoni ya kuchipusha kwa kiasi cha chembe, na agari, unga wa mwani unaogandisha. Chakula hicho huwa kimepikwa kwa mvuke wa presha kwenye nyuzi joto 121. Maabara kubwa zina mtambo wake. Ndogo hutumia presha kuka ya jikoni, na matokeo ni yale yale. Chupa hukaa kwenye chumba cha nyuzi 25 hivi, taa zikiwaka saa 16 kwa siku.

Kisha fundi anasubiri, na mara nyingi anachokiona kwanza si jani. Ni doa la kahawia linalosambaa kutoka kwenye kovu la pingili, likilitia giza chakula chote. Miti mingi ya dawa ikijeruhiwa humwaga fenoli, kemikali za kujilinda ambazo zikikutana na hewa hugeuka kahawia na kuwa sumu. Porini mvua huziosha. Ndani ya chupa hazina pa kwenda, na pingili hufa kwa ulinzi wake yenyewe. Tiba ni kuongeza unga wa mkaa uliotayarishwa kunyonya sumu, au vitamini C, au kuhamisha pingili kwenye chupa mpya kila baada ya siku chache hadi kidonda kipoe. Mgomba hauna ubishi wa kiasi hiki. Ndiyo sababu maabara inayotoa migomba kwa maelfu inaweza kushindwa kutoa miti ya dawa hata mia moja katika mwaka wake wa kwanza.

Ikishashika, hesabu yake inavutia. Chipukizi moja likitoa matatu kila wiki tano, na yote yakapona, baada ya raundi kumi, pungufu kidogo ya mwaka, yatakuwa 59,049. Hakuna maabara inayofikia hapo na mti wa porini. Chupa huota ukungu, umeme hukatika, na machipukizi mengine hugoma kutoa mizizi. Yanayobaki hupitia hatua inayoua mengi kuliko zote: kutoka chupani. Jani lililolelewa kwenye unyevunyevu halina nta ya kutosha wala halijajifunza kufunga vinyweleo vyake. Likiwekwa juani Tarime saa sita mchana, limekwisha. Mche hufunikwa kwa nailoni, hupewa kivuli, na nailoni huinuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kazi hii haifanywi na mwenye shahada, hufanywa na mtu wa kitalu, na mradi ukikosa pesa za kumlipa huyo, pesa zote za maabara zimeliwa.

Mche umesimama. Je, ni dawa?

Jibu bora linatoka kwa mmea ambao kila Mtanzania ameumeza. Dawa ya mseto, iliyoanza kutumika nchini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006, ina kemikali inayotokana na atemisinini, ambayo mwanasayansi wa China Tu Youyou na timu yake waliitoa kwenye pakanga ya Kichina, Artemisia annua, mwaka 1972. Ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kiasi cha atemisinini hutofautiana sana kati ya mmea na mmea. Mwingine una asilimia moja ya uzito wa jani kavu, mwingine hauna hata sehemu ya kumi ya hiyo. Ndiyo maana chotara maarufu wa Uswisi aitwaye Artemis, aliyepandwa sana Afrika Mashariki, wazazi wake wawili huendelezwa kwa vipandikizi ili wasibadilike. Sura ya jani haitoshi. Shirika la Afya Duniani limekataa kupendekeza chai ya mmea huo kwa malaria, na moja ya sababu ni hiyo hiyo: hakuna anayejua kikombe kimebeba dozi gani.

Historia ya zao hilo ina onyo jingine. Bei ilipopanda kati ya 2004 na 2005, wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda waliipanda kwa shauku, na kiwanda cha kuikamua kikajengwa Athi River. Mwaka 2007 soko la dunia lilikuwa limefurika na bei imeanguka. Anayewaahidi wakulima wa Tarime utajiri wa miche ya dawa aulizwe kwanza jina la mnunuzi.

Msokonoi una swali hilo hilo la dawa, na una jingine la ziada. Miche 59,049 iliyotoka kwa pingili moja ni mti mmoja uliorudiwa. Ikiwa mama alikuwa na mwasho mdogo, wote watakuwa hivyo. Ukizuka ugonjwa unaomweza mama, utawaweza wote. Mradi wa maana hauanzi na mama mmoja. Unatafuta miti mama mingi, kutoka mabonde mbalimbali, kila mmoja ukiwa umepimwa gome na jani, na kila chupa ikiwa na lebo ya mama yake. Kupima huko kunaweza kufanyika nchini. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwa katika utafiti wa dawa hizi tangu ilipoanza kama kitengo mwaka 1974.

Na upimaji unaweza kuleta habari njema isiyohitaji chupa kabisa. Huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, watafiti waliuchunguza ndugu wa msokonoi, Warburgia salutaris, wakaona majani yake yanakaribiana na gome kwa kemikali na kwa nguvu dhidi ya bakteria. Mganga akikubali jani badala ya gome, mti unaishi. Warburgia salutaris huo huo ulikaribia kutoweka porini nchini Zimbabwe kwa kuchunwa. Miaka ya 1990 vipandikizi viliagizwa kutoka Afrika Kusini na kugawiwa kwa kaya kuupanda majumbani. Vipandikizi vya kawaida, si vya chupa.

Limebaki suala linalowaudhi wazee, na wana haki. Mtafiti anapofika kijijini kuuliza mti upi unatibu nini, mwenye kujua anajibu, na mara nyingi habari inaishia hapo kwa upande wake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliandikwa ili anayetoa mmea na ujuzi wake apate sehemu ya faida. Sheria ya Tanzania ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, na huo ni mlango wa kuanzia mazungumzo. Maabara inazidisha uzito wa suala hili, kwa sababu ikishachukua pingili moja haimhitaji tena mzee wala kilima chake. Mfano wa mwisho kabisa ni paklitakseli, dawa ya saratani iliyoanza kwa kuchunwa gome la mti wa pwani ya magharibi ya Marekani. Leo inaweza kutengenezwa kwa chembe za mmea zinazoelea ndani ya mapipa ya kiwanda, bila msitu wowote kuguswa. Miti ilipumzika. Lakini mahali ambapo kijiji kinaishi kwa mti wake, pipa la namna hiyo linaweza kuwa pigo, na makubaliano ya maandishi yafanywe kabla ya wembe kugusa tawi.

Kwa hiyo Tarime haihitaji maabara mpya ya chupa kwa sasa. Jengo litazinduliwa, jenereta litakosa mafuta, na chupa zitaota ukungu. Kinachohitajika ni bustani mama: kipande cha ardhi chenye maji, labda cha shule au cha halmashauri, kinachotunza miti mama ya msokonoi, mjafari na mingine inayochunwa sana, ikiwa imeandikwa ilikotoka na nani aliyeionyesha. Mikocheni na Sokoine zipewe vipandikizi kutoka humo kwa ile michache iliyo migumu, zirudishe miche, na Turwa kiwepo kitalu chenye mtu anayelipwa kuizoesha jua. Waganga wa Tarime na Serengeti wakae kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza, si siku ya picha.

Na mwenye msokonoi uliosimama shambani mwake asisubiri mradi. Asiruhusu uchunwe kuzunguka shina, awape wagonjwa majani pale mganga anapokubali, na matunda yakiiva azifikishe mbegu kitaluni wiki hiyo hiyo, kabla hazijakauka.